Dama ya Watu Watatu

Kwenye treni ya asubuhi, seremala aliyekaa mbele yangu alikuwa amepakata ubao wa dama wenye pembe sita. Aliuchonga mwenyewe ili wacheze watatu nyumbani: yeye, mkewe na mama mkwe.

"Sasa nauuza," alimwambia muuguzi aliyeketi kando yake, ingawa hata hawakujuana. "Nikisogeza kete, mama mkwe anakohoa, na mke wangu anaila. Mtu na mama yake wamenigeuza kitoweo."

"Fundi, huo ndio mchezo wenyewe. Wawili wakiungana, wa tatu shauri yake."

"Huo ni wizi, dada. Dama ni akili, siyo ushirika."

"Si na wewe ukohoe."

"Nimkoholee nani? Paka?"

Muuguzi alicheka mpaka machozi yakamtoka. Mimi nilijifanya natazama dirishani, lakini mabega yangu yalikuwa yakitikisika kwa kicheko, na hayo ndiyo yaliyoniponza. Walitaka mtu wa tatu wa kumaliza ubishi wao, wakanigeukia kwa upendo ambao hata kwetu sijauzoea.

Ubao ukawekwa juu ya magoti yetu, nikapewa kete nyekundu. Seremala akaapa kwamba hapa kila mtu atacheza kivyake.

Tulipokaribia kituo, muuguzi akakohoa. Seremala akaruka, akala kete zangu tatu kwa mkupuo.

"Umeona, ndugu yangu?" aliniambia kwa uchungu, akizikusanya huku treni ikisimama. "Nilimwambia huu ni wizi."