Pikipiki Ilale Nje

AIPILII: Haloo? Ni nani?

IGAH: Mwanangu, ni mimi.

AIPILII: Nani? Sauti inakwenda inarudi—

IGAH: Mama yako. Kwani una mama wangapi?

AIPILII: Aa, mama. Shikamoo, mama.

IGAH: Marahaba, mwanangu. Nani huyo anacheka?

AIPILII: Huyu binti wa mapokezi hapa hospitali. Lugha yetu haijui, lakini neno "mama" ameshalishika. Nimemweleza kwa Kiingereza changu cha kuokoteza: mjukuu wangu ana jina la marehemu mama yangu, kwa hiyo kwa desturi yetu ndiye mama yangu, basi. Akaniuliza wewe una miaka mingapi. Nikamwambia ishirini na miwili. Akaniangalia kama—

IGAH: Kama umechanganyikiwa.

AIPILII: Nafikiri ameliandika mahali.

IGAH: Umekula?

AIPILII: Nimetoka kwenye mashine ya figo sasa hivi. Nikitoka kule sisikii njaa. Saa nne nzima damu yangu inazunguka kwenye mipira, mimi nimelala naangalia dari. Uko wapi? Nasikia upepo.

IGAH: Nje. Nimesimama karibu na pikipiki yako. Haitaki kuwaka.

AIPILII: Pikipiki yangu ya theluji?

IGAH: Kuna nyingine? Nimevuta kamba mpaka bega limekufa.

AIPILII: Baridi kiasi gani huko?

IGAH: Thelathini na nane chini ya sifuri. Mchana huu, na jua lipo.

AIPILII: Si baridi ya kuishinda hiyo. Umevuta mara ngapi?

IGAH: Arobaini. Labda hamsi—

AIPILII: Hamsini? Mama, ulikuwa unaiwasha au unaiadhibu?

IGAH: Usinicheke, vidole vinauma.

AIPILII: Sicheki. Swichi nyekundu umeivuta juu?

IGAH: Nimeivuta. Mimi si mgeni.

AIPILII: Mwaka juzi uliisahau. Ukaja kunililia kwamba injini imekufa.

IGAH: Mwaka juzi ulikuwa hapa wa kunicheka. Nimeivuta, nimesema.

AIPILII: Haya. Choki?

IGAH: Nimefungua choki yote. Mara ya kwanza ikakohoa kidogo, ikanyamaza. Sasa hata kukohoa haikohoi. Inanuka petroli tu.

AIPILII: Imelewa. Umeinywesha petroli, moto haikuupata. Lakini kwa nini ilikataa tangu mwanzo— [mkwaruzo] —lala wapi?

IGAH: Unasema? Imekatika.

AIPILII: Nauliza ilikuwa inalala wapi.

IGAH: Hapa hapa nyumbani.

AIPILII: Mama?

IGAH: Kibandani.

AIPILII: Kibandani. Na hita?

IGAH: Niliwasha kidogo.

AIPILII: Kidogo ni siku ngapi?

IGAH: Tangu Jumatano.

AIPILII: Lo. Leo Jumatatu. Mama, umeiua.

IGAH: Ilikuwa na theluji mpaka kwenye kiti. Tangu uondoke hakuna anayeigusa. Nikaona... nilidhani inaona baridi.

AIPILII: Chuma hakioni baridi. Umeyeyusha theluji yote iliyojificha chini ya boneti, maji yakaingia kwenye kabureta, halafu leo ukaivuta nje yakawa barafu papo hapo. Pikipiki inalala nje. Hata mtoto wa miaka mitano anajua hilo.

IGAH: Najua.

AIPILII: Unajua halafu—

IGAH: Nimesema najua. Niliihurumia. Basi.

AIPILII: Haya. Tuiamshe. Nauja jirani hayupo?

IGAH: Wote wameenda kuwinda sili kwenye barafu ya bahari. Na baba yangu yuko mgodini, zamu yake haijaisha. Ni mimi na wewe.

AIPILII: Basi ni mimi na wewe. Fungua boneti. Funga petroli, kile kibomba cha chini. Halafu chomoa plagi zote mbili. Spana iko chini ya kiti, kwenye soksi yangu.

IGAH: Soksi ya nini?

AIPILII: Spana ya baridi inachuna ngozi ya mkono. Soksi inasaidia.

IGAH: Nimeipata. Subiri, nakuweka kwenye kofia ya koti. [Mkwaruzo. Upepo] Moja... imetoka. Imelowa chapachapa.

AIPILII: Nilisema. Na ya pili?

IGAH: Inakaza— [pumzi] —nayo imelowa.

AIPILII: Sasa rudisha choki, finya akselereta mpaka mwisho, uvute kamba mara kumi. Bila plagi ni nyepesi. Itatema petroli iliyomeza.

IGAH: [Kamba inavutwa, inavutwa] Kumi.

AIPILII: Tandika turubai juu ya injini, halafu nenda ndani. Bandika maji, na plagi ziweke kwenye kikaango kikavu, moto mdogo.

IGAH: Plagi kwenye kikaango?

AIPILII: Bibi yako, Mungu amrehemu, alikuwa akinifukuza na mwiko kwa ajili hiyo. Lakini iliwaka kila asubuhi.

IGAH: [Mlango] Nimeingia. Kikaango kina harufu ya mkate wa jana. Plagi zako zitanukia vizuri.

AIPILII: Zigeuzegeuze, zisiungue. Na maji yakipata moto ujaze chupa, uifunge na taulo, tukaiegemeze kwenye kabureta. Nani alikutuma kutoka leo lakini? Una safari gani?

IGAH: Ziwani. Kuchukua barafu ya chai.

AIPILII: Bomba limeharibika?

IGAH: Barafu ni yako. Si ulisema maji ya Ottawa ukiyapikia chai ni ya kuoshea miguu? Nilitaka kuiyeyusha, nikutumie chupa mbili kwa ndege ya Alhamisi. Haloo?

AIPILII: Nipo.

IGAH: Ulipata samaki niliyemtuma?

AIPILII: Nilimpata. Tulitandaza boksi sakafuni chumbani, tukamla mbichi, akiwa bado mgumu kwa barafu. Mimi na Mosesie. Alilamba mpaka kisu.

IGAH: Nitamtumia na wa kwake. Hajambo?

AIPILII: Amerudi kwao. Wiki iliyopita.

IGAH: Kumbe. Afadhali.

AIPILII: Alirudi kwenye sanduku, mama.

IGAH: Hukuniambia.

AIPILII: Ningekuambia nini? Chumba chetu cha mashine kimoja, viti vyetu jirani. Tangu nije hapa alikuwa akisema atarudi barafu ikishika. Sasa kiti chake amekaa mtu mwingine, na yeye haongei lugha yetu. Siku nzima naweza nisifungue mdomo.

IGAH: Nipigie mimi.

AIPILII: Kila siku?

IGAH: Kila siku. Mara mbili.

AIPILII: Zigeuze plagi.

IGAH: Nazigeuza.

AIPILII: Mama. Meli ile ya madaktari ilipokuja nilikuwa na miaka sita.

IGAH: Najua.

AIPILII: Walikupima kifua kikuu melini, hawakukurudisha ufukweni, wakakupeleka kusini. Ulinipungia mkono tu. Ulipaza sauti kwamba utarudi kabla bahari haijaganda.

IGAH: Nakumbuka, mwanangu.

AIPILII: Nilikaa kwenye jiwe pale ufukweni mpaka bahari ikaganda. Ulirudi?

IGAH: Sikurudi.

AIPILII: Kwa nini?

IGAH: Nilikuwa nataka. Walikataa. Nikafa huko huko, wakanizika kusini, na mpaka leo hakuna anayejua ni kaburi lipi.

AIPILII: [Mtandao unakwaruza]

IGAH: Mwanangu, una nini leo?

AIPILII: Kuna karatasi hapa mfukoni. Nimeongea na daktari. Nimemwambia nimechoka na mashine. Huko nyumbani mashine ya damu hakuna, haitakuwepo, unajua. Nikiondoka hapa nimeacha matibabu.

IGAH: Ukiacha—

AIPILII: Siku kumi. Labda kumi na tano. Ndiyo alivyosema. Nikisaini kesho, Jumatano nalala njiani, Iqaluit, Alhamisi niko huko. Sijasaini.

IGAH: Basi usisaini.

AIPILII: Namngoja mtu aniambie.

IGAH: Nani?

AIPILII: Wewe.

IGAH: Anayeulizwa ni Igah, au mama?

AIPILII: Mama. Sitaondoka bila ruhusa yake. Yeye ndiye aliyebaki kusini, anajua kulivyo.

IGAH: Igah anasema ubaki. Ukae hata miaka kumi. Igah hana mtu mwingine nyumba hii.

AIPILII: Najua anavyosema Igah. Ndiyo maana sijamuuliza.

IGAH: [Anavuta pumzi] Huo ni ujanja.

AIPILII: Ndiyo. Mama anasemaje?

IGAH: Mama anasema... plagi zimepata moto.

AIPILII: Igah.

IGAH: Zimepata moto, nimesema. Zikipoa tutaanza upya. Natoka.

AIPILII: Haya. Chupa umebeba?

IGAH: Nimebeba. [Mlango. Upepo] Naiegemeza wapi?

AIPILII: Ubavuni mwa kabureta, pale bomba la hewa linapoingia. Funika turubai juu, uhesabu mpaka mia mbili.

IGAH: Simu ina asilimia tisa. Baridi inakula chaji.

AIPILII: Iweke kwapani.

IGAH: Nikikuweka kwapani utasikia nini?

AIPILII: Nitasikia vizuri tu. Weka.

IGAH: [Sauti ya mbali, imefunikwa] Unasikia?

AIPILII: Nasikia moyo. Hesabu.

IGAH: [Upepo]

AIPILII: Unahesabu au unalia?

IGAH: Vyote. Usiniongeleshe, nitakosea. [Upepo] Mia mbili.

AIPILII: Plagi haraka, kwa glavu, zikaze. Kofia zake juu. Fungua petroli. Choki yote. Usivute kwa hasira. Vuta kama unavyomvuta mbwa mzee, taratibu mpaka kamba ikaze, halafu kwa nguvu.

IGAH: [Kamba]

AIPILII: Tena.

IGAH: [Kamba] Imekohoa.

AIPILII: Nimesikia. Choki nusu. Tena.

IGAH: [Kamba. Injini inakohoa, inashika, inanguruma]

AIPILII: Finya kidogo, isife— kidogo—

IGAH: Inawaka. Unasikia? Inawaka.

AIPILII: Nisogeze karibu nayo.

IGAH: Nini?

AIPILII: Simu. Isogeze.

IGAH: [Ngurumo ya injini, muda mrefu]

AIPILII: Inalia juu mno. Rudisha choki polepole... hapo. Hapo. Hiyo ndiyo sauti yake.

IGAH: Unataka nizime? Simu ina asilimia tatu.

AIPILII: Usizime. Acha kidogo.

IGAH: [Injini] Mwanangu.

AIPILII: Naam, mama.

IGAH: Situmi maji.

AIPILII: Unasemaje? Injini ina kelele—

IGAH: Maji ya chai. Situmi. Ndege ya Alhamisi inafika saa ngapi? [Injini] Haloo? Saa ngapi, simu inakufa.

AIPILII: Saa nane. Saa nane mchana.

IGAH: Nitakuwa pale na pikipiki. Utakaa nyuma, usije ukataka kuendesha.

AIPILII: Na Igah?

IGAH: Igah mwache alie. Anayeongea ni mama.

AIPILII: Asante, mama. Sasa sikiliza, ukirudi kutoka ziwani, pikipiki—

IGAH: Ilale nje. Nimeshaelewa. Wewe utalala ndani, kitanda chako kipo. Vaa kofia, mwanangu, huku ni—

AIPILII: Nitavaa. Mama? [Mlio wa simu iliyokatika] Haloo? Nitavaa.