Siku Hakimu Alipomwita Ombati

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na wenye nguvu, asifiwe na sisi wanyonge tuliosimama hapa! Mimi ni mama Ombati wa Nyacheki, mjane, mkulima wa majani chai. Sabato hii siwezi kunyamaza.

Mwanzoni mwa miaka hii ya sabini, mwanangu Ombati, akiwa bado shule ya msingi, alishikwa pamoja na wavulana waliovunja duka kule Sironga. Hakimu akampeleka shule ya kurekebisha tabia, ile tunayoiita aprufu, mbali na kwetu. Sikubishana. Nilijua atafunzwa useremala, atarudi na adabu.

Nilipopata nauli nikaenda kumwona, nimebeba ndizi mbivu. Akaletwa, akaketi mbele yangu. Nikainama kufungua kikapu huku nikimuuliza kwa Ekegusii anakulaje, analalaje. Kimya. Nikauliza tena. Kimya. Nikadhani amenikasirikia kwa kuwa sikumtetea. Nilipoinua uso ndipo nikaona macho yake yanatafuta midomo yangu. Ndugu zangu, mwanangu alikuwa hasikii!

Akanieleza kwa sauti kubwa mno, bila kujua anapaza, kwamba askari mmoja wa pale alimpiga makofi ya masikio mpaka damu ikatoka. Askari mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni. Akasema mtoto ni jeuri, anajifanya.

Nyumbani, shemeji yangu Makori, kaka ya marehemu mume wangu, akanikanya nisifungue mdomo. Alisema mtoto akishahukumiwa ni wa serikali, na mwanamke hawezi kushtaki serikali. Wengine wakanishauri nisamehe tu. Niliomba nikichuma chai, machozi yakidondokea majani. Na katika kuomba, hofu ikanitoka, kama mtu aliyetuliwa mzigo mgongoni! Nikafunga kitambaa kichwani, nikaenda Kisii mjini kumtafuta wakili.

Wakili niliyempata alinisikiliza mpaka mwisho. Akanieleza kwamba mtoto akipelekwa kule, sheria haiachi kumlinda. Hakimu aliyemtuma anaweza kuombwa amwite na aamuru daktari ampime. Polisi wanaweza kupewa ripoti ili aliyempiga ashtakiwe. Na mimi mama yake naweza kufungua kesi ya fidia dhidi ya serikali kwa niaba yake, ila nisikawie, maana kesi kama hiyo ina muda wake. Nikamuuliza, na kusamehe je?

"Mama, msamehe leo hii," akasema. "Lakini huyo askari bado yuko kazini, na kule kuna watoto wengine."

Basi wakili akamwomba hakimu yule amwite Ombati, tukafika mahakamani. Askari akarudia maneno yake, kwamba Ombati anasikia vizuri ila ni mkaidi. Wakili akaomba mtoto asimamishwe akitazama dirishani, akitugeuzia mgongo. Hakimu akamwita kwa jina. Hakugeuka. Akamwita kwa nguvu zaidi. Hakugeuka. Karani akapiga meza kwa kiganja, sote tukashtuka vitini, naye mwanangu akaendelea kutazama miti ya nje.

Ndipo nikasikia mtu analia nyuma yangu. Alikuwa Makori! Alikuwa ametufuata bila kuniambia. Akasimama, kofia mkononi.

"Mheshimiwa," akasema, "huyo ni mtoto wa ndugu yangu. Ni mtoto wetu."

Hakimu akamwomba aketi, kwa upole.

Haleluya! Daktari alithibitisha, na mwanangu akaachiliwa arudi nyumbani. Askari akashtakiwa, akafungwa. Kesi ya fidia ilikwenda polepole, tuliahirishiwa mpaka nikazoea viti vya mahakama, lakini tulishinda. Sikio moja limefunguka kidogo kwa matibabu. La pili halijafunguka, na sitawadanganya mbele za Mungu. Hata hivyo Ombati anachonga milango huko Itumbe, anacheka, na jioni Makori hukaa naye wakizungumza, uso kwa uso.

Namshukuru Mungu aliyenitoa katika woga. Kama kuna mzazi hapa ambaye mtoto wake ameumizwa nyuma ya kuta zile, naye ameambiwa anyamaze, anione tukitoka. Mtegemee Bwana, mama. Mtegemee, baba. Jumatatu mahakama inafunguliwa asubuhi, nami nitakwenda pamoja nawe.