Kilichofuata Baada ya Picha

Ndani ya treni ya Houston, muuguzi Everline aliwasikiliza vijana wawili wasiojuana, waliounganishwa na mchezo mmoja wa mbio za magari. Mutuku alionyesha skrinshoti: gari lake likipiga drifti, likiteleza kwa ubavu konani, moshi tele. Wilondja aliikagua kama daktari asomaye eksirei. "Ndugu, mataili ya mbele inaangalia ndani ya kona. Drifti ya kweli, inaangalia inje. Hapa gari ilishakushinda."

"Buda, grupu yetu nzima ya gemu imeipa like!"

"Na kisha picha, nini ilifuata?"

"Ukuta. Lakini nani aliuliza?"

Walikuwa bado wakibishana treni iliposimama penye hospitali. Everline aliinuka, akakumbuka picha aliyomtumia mama yake jana, akitabasamu mlangoni pa wodi kabla ya zamu ngumu. Mama naye hakuuliza kilichofuata.