Kutu ya Cheche

Benchi la pale kona, mbele ya kibanda cha kinyozi, lina mguu mmoja mfupi, na siku hiyo lilikuwa halitulii kwa sababu Cheche alikuwa hatulii. Anakaa, anainuka, anakaa tena, kahawa inamwagikia vidole. Cheche ni fundi wa kuchomelea mageti. Nyumbani ameaga kwamba anafuata vyuma, kumbe alikuwa hospitali, na si mara ya kwanza. Wa kijiweni walijua. Mkewe hakujua.

— Haya, kasemaje daktari? aliuliza Wembe, mwenye kibanda.

— Homa ya ini. Kuna virusi. Halafu vipimo vya ini vimepanda. Kasema mwili ukipigana na vile virusi, ini linaumia kama chuma kinavyoshika kutu.

— Kutu? Breki, dereva wa lori, akaweka kikombe chini. Sasa hiyo si kazi yako?

Cheche akacheka. Neno lile alilipenda tangu alipolisikia. Virusi hakuwahi kuviona, lakini yeye na kutu wamejuana miaka.

— Kutu dawa yake limau, alisema Wembe. Mikasi yangu yote naisugua limau. Kunywa, usitie sukari.

— Limau linakula chuma, wewe. Kutu inazuiwa na mafuta. Kikombe kimoja cha mafuta ya kupikia kabla hujala kitu. Injini ya lori langu ina umri mkubwa kuliko mke wangu, na bado inaunguruma.

— Mke au injini?

— Vyote.

— Basi apige rangi, alisema Wembe. Anywe juisi ya bitiruti. Kwanza ile rangi ya chini, kesho anarudia.

— Na ile kutu ya ndani unaifunika tu? Breki alikataa kwa kichwa. Itolewe. Cheche, ile sumaku yako ya kushikia kona za vyuma unayo?

Ilikuwa mfukoni.

— Iweke ubavuni. Kutu si chuma? Itafuata yenyewe. Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ini liko mvunguni mwa mbavu. Inama.

— Hiyo methali siyo ya maini, alisema Wembe.

— Umeyauliza maini?

Cheche aliona ni upuuzi. Lakini usiku hapati usingizi, na asiyelala hujaribu lolote. Akapandisha shati, akainama, akaibana sumaku ubavuni. Ilikuwa ya baridi.

— Unasikia inavuta?

— Kama inavuta.

— Mwenye geti anakusubiri, ilisema sauti nyuma yao.

Alikuwa mkewe, kiganja kiunoni, tumbo lake la ujauzito mbele. Hawakujua amesimama pale tangu lini. Wembe alimpisha kwenye benchi, lakini hakukaa.

— Shemeji, tunamtibu mumeo hapa, alisema Breki. Ini limeshika kutu kidogo. Virusi tu.

Mke aliitazama ile sumaku, kisha akamtazama mumewe.

— Hiyo kutu inaambukiza?

Breki alifungua mdomo, akanywa kahawa. Wembe, aliyemnyoa Cheche juzi, aligeuka kuangalia nyembe zake mezani.

Cheche alishusha shati. Hapo ndipo alipojua kwa nini alilipenda lile neno. Kutu ni shida ya chuma chenyewe, haihusu wa nyumbani. Virusi ungelazimika kuvisema mezani, mbele ya mtu aliyebeba mtoto wako. Aliogopa, na aliona haya kuliko alivyoogopa.

— Daktari kasema nije nawe, alisema. Upimwe. Wewe, na mtoto akizaliwa achanjwe mapema.

— Kasema leo?

Cheche aliangalia vidole vyake vilivyolowa kahawa.

— Tangu nilipoenda mara ya kwanza.

Mke alimnyang'anya sumaku, akaiweka juu ya benchi.

— Mwenye geti atangoja, alisema. Tangulia, nionyeshe njia ya hospitali.