Tuta la Tatu la Pilipili

Assalaam alaykum wazee wangu, mama zangu na vijana wenzangu wa ushirika. Mnisamehe kwa mwandiko wangu mbaya na maneno nitakayokosea. Shule yangu iliishia msingi, na naandika polepole. Lakini nikisimama mbele yenu ulimi hunikauka, ndiyo maana nimemwomba katibu anisomee.

Mnajua pilipili zangu za Wawi zilivyoteketea, msimu baada ya msimu. Majani yalijikunja, na ukigusa mche, inzi weupe wanatimka kama majivu. Nilipuliza dawa ya dukani, nikarudia, nao wakarudi. Ami yangu, mwenye shamba, akaniambia, "Zikifa tena, napanda muhogo wangu." Ndugu zangu, nawaambia, bila shamba lile sina kazi nyingine.

Bwana shamba akanishauri nijaribu kwa matuta matatu. La kwanza nilitie dawa ile ile ya dukani. La pili nilitie maji ya majani ya mwarobaini, yaliyotwangwa, yakalazwa, yakachujwa na kutiwa sabuni kidogo. La tatu nisilitie kitu, ili nipate cha kulinganisha.

Tuta la kwanza likajikunja. La pili likachipua, nikafurahi. Lakini la tatu nalo likachipua! Sasa huo mwarobaini umefanya kazi gani, ikiwa lisilopata kitu limepona? Ami akacheka. "Huna dawa wewe, una bahati. Na bahati hailimwi. Kesho nazing'oa pilipili zako."

Asubuhi yake nikawahi shambani, nizitazame kabla hazijang'olewa. Nikamkuta bibi yangu, mama yake ami, ameinama kwenye tuta la tatu na ndoo yangu ya mwarobaini ubavuni, anachovya ufagio na kunyunyiza.

"Bibi, wafanyani?"

"Nawapa na hawa. Wenzao wapata, hawa watazama tu. Kwani mayatima?"

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoanza kuwanyima!"

Mimi si mtu wa kukumbatia watu, lakini siku ile nilimkumbatia na ndoo yake. Kumbe hakuna tuta lililopona kwa bahati! Ami aliposikia akashika kiuno. "Mama! Kidogo tu tupande muhogo kwa huruma zako!" Akaniachia shamba.

Nikaanza upya matuta matatu, bibi akaahidi kukaa barazani. Safari hii la tatu lilijikunja kama la kwanza. La pili likazaa, na pilipili zake nimeshazipeleka sokoni Chake Chake.

Namshukuru Mungu, namshukuru bwana shamba, ami kwa subira yake, na bibi hata kwa kuniharibia. Nilichojifunza ni hiki: usiiamini dawa kwa sababu umeizoea. Ijaribu, uache tuta moja bila kitu, na uulize nani mwingine anapita shambani.

Aliyejaribu dawa nyingine kwenye pilipili aniandikie, hata mistari miwili, nami nitamjibu, ingawa nitachelewa. Na mwenye kujua namna ya kumtuliza bibi aniandikie haraka, maana kila jioni ananiuliza lile tuta lilikosa nini.