Historia ya Feodora Zackar, Aliyewakataza Abiria Wake Kupanda Ndege ya Mwingine

Ndugu, jamaa na majirani, pamoja na ninyi wengine ambao bado sijaelewa mmefuata nini hapa, naomba utulivu. Mimi ni Gabriel Zackar, mdogo wake marehemu, na familia imenipa kazi ya kusoma maisha yake. Nitayasoma kama alivyopenda yeye, bila kumpamba mtu, awe hai au ametangulia. Kuna jambo moja lililomnyima raha hadi pumzi ya mwisho, nalo nitalifikia.

Dada yetu Feodora alizaliwa tarehe 11 Machi 1958 hapa hapa Nondalton, katika nyumba iliyokuwa nyuma ya kanisa, akiwa mtoto wa pili wa marehemu mzee Alexi Zackar na marehemu mama Olga, na mama alizoea kusema kwamba mtoto huyu hakupokea samaki mkononi mwa mtu bila kumnusa kwanza, hata akiwa ametoka kwenye banda letu wenyewe la moshi. Alisoma hapa kijijini hadi darasa la nane, mwaka 1972 akapelekwa shule ya bweni huko Sitka, akamaliza Mei 1976, na tulipomuuliza amejifunza nini, alijibu kwamba kufuli ya sanduku inunuliwe na mwenye sanduku.

Alifanya kazi katika kiwanda cha samaki Naknek kwa misimu sita, akajinyima, akaenda Anchorage kusomea urubani, akapata leseni mwezi Juni 1983, na mwaka 1987 akanunua ile ndege yake ya manjano inayotua majini kwa maboya mawili, ambayo wengine wenu nimeona mmepita kuitazama leo kabla hata ya kuja kumtazama yeye. Kazi yake mnaijua. Aliwachukua watu wanaopenda kutembea nyikani, akawashusha ziwa la juu ambako barabara haijafika wala haitafika, nao wakavuka milima kwa miguu wiki nzima, kisha akawafuata ziwa la chini. Majina ya maziwa hayo hakumwambia mtu, na mimi sitayataja, maana humu ndani kuna marubani.

Hakuamini uzito wa mtu kwa kuambiwa. Kila abiria alipandishwa kwenye mzani wa samaki pamoja na mzigo wake, na aliyenung'unika aliambiwa, "Kilo hazina aibu, mwenye aibu ni wewe." Hakuamini utabiri wa hali ya hewa mpaka atoke nje mwenyewe. Wapo waliomcheka, lakini katika miaka thelathini na miwili hakupoteza abiria hata mmoja, na wanaocheka hawawezi kusema hivyo.

Tarehe 14 Novemba 1981 alifunga ndoa na marehemu Simeon Evan, jina la baba yetu akabaki nalo, akisema hajui ndoa itafika wapi. Ilifika miaka ishirini na miwili, mpaka Simeon alipofariki mwaka 2003, na niseme wazi kwamba alimpenda mume wake sana, ingawa alikuwa akimkagua mifuko. Mungu aliwajalia mtoto mmoja, Pelagia, aliyezaliwa tarehe 2 Februari 1985, ambaye ni mwalimu Anchorage na yuko hapa mbele yenu.

Sasa nirudi nyuma kidogo, kwa sababu bila hili hamtaelewa alivyokufa. Mwezi Agosti 1996 rubani mmoja aitwaye Denny Rusk, yule pale karibu na jiko, alitua ziwa la chini siku moja kabla ya dada, akawaambia abiria wake watatu, "Feodora amenituma," akawabeba, akawalipisha upya. Dada alifika akakuta majivu ya moto na hakuna mtu, akatafuta porini siku mbili akiita, akiamini wameliwa na dubu, huku wao wako Anchorage wanakula keki. Denny, usiinamishe kichwa, kila mtu hapa anajua.

Tangu hapo, kila aliposhusha watu ziwani, aliwainulia kidole na kuwaambia, "Nisipokuja mimi, hakuna aliyekuja. Ukiona ndege nyingine, jifiche. Akikwambia nimemtuma, huyo ndiye mwongo mwenyewe." Wakaapa, mmoja mmoja, ndipo akaondoka.

Tarehe 24 Agosti mwaka huu aliwashusha Bwana Walter Kubiak na mkewe Irene, wageni wa kutoka Milwaukee, wakiwa na chakula cha siku tisa. Tarehe 27 moyo wake ulimwangusha gatini, akiwa ameshika kamba ya ndege, tukamkimbiza hospitali Anchorage. Alipofumbua macho alinivuta kola, akanitajia ziwa sikioni, akasema, "Gabi, watafutie rubani. Si Denny. Yeyote, si Denny."

Nikarudi hapa kijijini nikatafuta, Mungu ni shahidi. Ulikuwa msimu wa uwindaji, kila ndege ya maboya imekwenda na wawindaji, na usiku wa kwanza wa barafu ulikuwa umeshapita. Akabaki nani? Denny. Akaja mwenyewe mlangoni, kofia mkononi, akasema, "Mzee Gabriel, niambie waliko, niwafuate. Sitaki senti." Hilo la kutotaka senti ndilo lililonitia wasiwasi kuliko yote. Nikamtajia ziwa, nikajihisi nimemuuza dada yangu.

Tarehe 2 Septemba akaenda, akarudi peke yake, macho mekundu yamevimba. Akasema wamemkataa, tena yule mama amempulizia usoni kopo la pilipili la kufukuzia dubu. Nikamwambia, "Denny, hukufika. Umelewa, umekwenda kujionea ziwa." Akajibu, "Basi panda ujionee wewe." Nilikuwa nimeapa kwamba kwenye ndege ya mtu huyu sitakanyaga hata nikiwa maiti. Mvua ikatuzuia siku moja, na tarehe 4 nikapanda, nikaushika mlango njia nzima.

Tulitua. Hema lilikuwepo, watu hawakuwepo. Niliita kwamba mimi ni kaka yake Feodora, kimya. Niliita kwamba Feodora anaumwa, kimya, na kwa haki kabisa, kwani hata mimi nisingeamini. Simu yao ya setilaiti, tulijua baadaye, ilikuwa imesombwa na mto, hawakuwa na wa kumuuliza, na chakula kilikuwa kimebaki konzi moja. Ndipo nikakumbuka alichotusimulia dada mezani jioni ile alipotoka kuwashusha, akicheka hadi machozi, nami nikapaza sauti juu ya boya, "Walter! Ulimwambia dada yangu una kilo tisini, mzani ukasema mia na tatu! Hizo nyingine ni za nani?" Kichakani akacheka mwanamke. Wakatoka, kopo bado mkononi.

Asubuhi iliyofuata palikuwa na nafasi moja tu kwenye ndege ya barua, nikaenda Anchorage, nikamwambia dada kitandani, "Wametoka, wazima." Akaniuliza, "Kawatoa nani?" Nikasema Denny. Akageukia ukutani. "Basi uongo. Watu wangu hawapandi kwa Denny." Nikapiga simu, Bi Irene mwenyewe akazungumza naye, akalia, akamshukuru. Dada alisikiliza mpaka mwisho, akanirudishia simu, akasema, "Mwambie mkeo Matrona aache kuigiza sauti za watu." Pelagia alimwapia, padre alimwapia. Tarehe 7 Septemba, Jumamosi, saa nne asubuhi, alituacha, na maneno yake ya mwisho yalikuwa, "Ziwa litaganda, na wako kule." Hilo limeniuma, na linaniuma hivi ninavyosoma.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Anchorage waliovumilia kuulizwa kila kidonge kimetoka wapi, majirani walioleta supu ya samaki na mikate ya kukaanga, marubani waliokata safari zao kuja kumzika, na padre wetu. Na wewe Denny, umetoa ndege, umetoa mafuta, umetoa na macho yako, nakushukuru mbele ya watu wote, ingawa jicho moja bado liko kwako mpaka nijue ulitaka nini.

Bwana Walter, Bi Irene, mmeahirisha safari ya kwenu kwa ajili yake, nami nina ombi moja. Simameni. Njooni hapa mbele, karibu kabisa na jeneza, na msimwambie neno, maneno tulimwambia yote akayakataa. Simameni tu hapo.

Dada, ni hao. Ziwani hakuna mtu. Lala.