Kumuaga Fundi Chai Kwanza na Mfuniko Namba Saba

Kabla sijaandika sifa yoyote ya mstaafu wetu, nina jambo la kuungama ambalo sijamwambia mtu ila yeye mwenyewe, hata mama yangu hajui. Mfuniko wa rejeta uliofanya gari la wagonjwa lichemke mlimani mwezi uliopita niliutoa stoo mimi. Kadi ya kazi inasema kosa ni la fundi. Hiyo ni nusu ya ukweli tu, na nimekata shauri kwamba mzee wa watu hataondoka hapa na doa langu kwenye jina lake.

Sasa niendelee kama nilivyoagizwa. Tarehe thelathini ya mwezi huu, fundi mkuu wa karakana ya hospitali yetu, ambaye sote tunamwita Chai Kwanza, anastaafu baada ya utumishi wa miaka thelathini na mmoja na miezi minne. Mkuu wa usafiri alinipa mimi kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu, alisema, nimetoka shule juzi na wino wangu bado mbichi. Nina miezi mitano tu kwenye dirisha la stoo ya vipuri, na mbele za watu ulimi wangu hunata. Kwenye karatasi najikaza.

Mzee wetu alianza kama mwosha magari. Mwaka wake wa kwanza kwenye ufundi alifungua mfuniko wa rejeta injini ikiwa bado ya moto. Maji yakaruka yakamchuna kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko, na kovu lake analo mpaka leo. Alipotoka wodini alitunga sheria moja. Gari likichemka, zima injini, kanywe chai, na usiguse mfuniko mpaka kikombe kiishe na mpira wa juu wa rejeta ushikike kwa mkono mtupu. Wenzake walimcheka, wakambandika jina. Akalivaa kama koti. Nimepekua daftari la ajali ukurasa kwa ukurasa: tangu siku hiyo hakuna fundi mwingine aliyeungua na maji ya rejeta katika karakana hii. Mkewe, muuguzi mstaafu, anasema hata sufuria ya nyumbani haifunuliwi kwa papara, na wajukuu wamezoea kusubiri chakula huku babu yao akiiangalia kama injini.

Chai yenyewe haiwi ya kimya. Huinywa akiwa ameegemea dirisha langu, huku akimhoji dereva. Lilichemka wapi? Ulikuwa umesimama kwenye foleni, au ulikuwa unakimbia? Kama ni kwenye foleni, huanza na feni. Kama ni mwendoni, hushuku kwamba rejeta imeziba au pampu haisukumi maji. Kama geji ya joto ilipanda dakika chache tu baada ya kuwasha, hutazama thamostati, kile kilango kinachoyaruhusu maji kwenda kupozwa, maana huenda kimekwama. Madereva wapya hudhani anapiga soga. Kikombe kinapoisha, nusu ya kazi huwa imekwisha.

"Gari kuukuu ni kama mgonjwa mzee," hupenda kusema. "Ana magonjwa matano, lakini uliomleta leo ni mmoja. Utafute huo."

Kila mtu hapa ana kisa chake naye, lakini kisichochuja ni cha daktari wa meno. Gari lake dogo lilikuwa likichemka kila wiki. Mafundi wa mtaani walikuwa wamembadilishia pampu, thamostati na mipira yote, na bado. Chai Kwanza alikunywa chai, akainama mbele ya gari, akaingiza mkono chini ya bampa na kuvuta kipande cha boksi kikubwa kama meza. Daktari alikuwa amekiweka mwenyewe msimu wa mvua ili rejeta isirukiwe na tope, kisha akakisahau.

"Daktari," alimwambia, "umemziba mtu pua, halafu unamtibu mapafu!"

Karakana nzima ilicheka, na daktari alicheka kuliko wote. Mpaka leo wakikutana kwenye korido, daktari hujishika pua.

Sasa Shangazi. Kwa wasiomjua, Shangazi ni gari letu la wagonjwa la miaka ishirini na sita, ambalo ndilo pekee linalomudu njia ya mlimani. Mwezi uliopita alikuja kwa huduma ya kawaida, na Chai Kwanza akaona mpira wa mfuniko wa rejeta umepasuka. Akaniomba mpya. Rafuni kulikuwa na maboksi mawili, moja limeandikwa saba, jingine kumi na tatu. Nikaona mdomo ni ule ule, nikajiambia mfuniko ni mfuniko. Nikampa wa saba.

Sikujua kwamba namba ile ni ya mgandamizo. Mfuniko huyabana maji ya rejeta ili yasichemke mapema, na ukiwa dhaifu huyaachia kabla ya wakati. Wa saba ni wa jenereta. Shangazi anataka wa kumi na tatu.

Jumatatu Shangazi alichemka katikati ya mlima akiwa na mgonjwa aliyevunjika mguu. Walikaa kando ya barabara dakika arobaini wakisubiri gari jingine. Mgonjwa alipona, lakini dakika zile arobaini ninazo mimi. Wakati huo bado sikujua kwamba ni zangu.

Jumanne mafundi walilizunguka gari na kutoa hukumu.

"Gasketi imekufa. Apelekwe mnadani apumzike."

"Mzee, na wewe unaondoka. Ondokeni pamoja!"

Kamati ya magari ya hospitali ilikuwa ije Alhamisi kuamua, na siku za Chai Kwanza kazini zilikuwa zimebaki thelathini na nane. Angeweza kutia saini akaenda zake. Alisema tu, "Gasketi ikifa huacha ushahidi. Nionyesheni." Akachomoa kijiti cha oili: oili ilikuwa safi, haina weupe wa maji yanayopenya ndani ya injini gasketi ikiungua. Injini ikiwa ya baridi, akaiwasha mfuniko ukiwa wazi, akatazama maji kwa muda mrefu: hayakutoa mapovu. Akaikagua pampu, akaipima thamostati kwenye sufuria ya maji ya moto, akasafisha mapezi ya rejeta kwa brashi ya meno. Kila kitu kizima. Alivyozidi kukosa, ndivyo alivyozidi kukaza uso.

Jumatano aliweka mifuko ya mchanga juu ya machela ili Shangazi awe na uzito wa safari, akampandisha mlima yeye mwenyewe. Nilikuwa kiti cha pembeni nikiandika alichosoma. Tulisimama mara tatu. Mara ya tatu geji ilikuwa bado katikati, lakini chupa ya akiba, inayopokea maji yanayofurika kutoka kwenye rejeta, ilikuwa inatokota na maji yamejaa hadi shingoni.

"Yanakimbia kabla hayajapata moto," alisema polepole. "Mwanangu, mlango ndio unaovuja, si nyumba."

Tulirudi. Alikunywa chai yake yote, bila kupunguza hata funda. Kisha akafungua mfuniko, akaugeuza, akasogeza miwani. Akasoma namba. Halafu akanitazama kupitia dirisha la stoo, na mimi, niliyekuwa nimekwishalifuata boksi rafuni kwa macho, nikajua.

Nilitoka nje. Nikamwambia ni mimi. Hakunigombeza.

"Wewe umetoa, mimi nimefunga," alisema. "Mkono wa mwisho ndio unaosoma namba. Sikusoma."

"Lakini Fundi, mimi ndiye…"

"Shh. Hili limeishia hapa. Nikisikia umelisema, nitaahirisha kustaafu nikae hapo dirishani kukufundisha namba. Mke wangu atakuchukia."

Nikamwahidi kunyamaza, naye akaandika kwenye kadi, kwa mwandiko wake mkubwa: kosa la fundi. Akatia saini. Alhamisi kamati ilimkuta Shangazi na mfuniko wa kumi na tatu, ikapanda naye mlima na kushuka, na geji haikutikisika. Shangazi amebaki. Ila mjumbe mmoja aliisoma kadi ile kwa sauti, akasema uzee umeanza kumpiga chenga mzee, na watu wakacheka. Yeye pia alicheka. Mimi sikucheka, na tangu siku hiyo naamka na kicheko kile.

Kwa hiyo ninaandika, na jina la mhusika lisomeke hivi: karani wa stoo. Mkuu wa usafiri atalisoma hapa pamoja nanyi, na adhabu yoyote nitaipokea. Rafu nimekwishaipanga upya. Kila mfuniko sasa una kibandiko chenye namba na jina la gari lake, na hakitoki kitu dirishani kabla hatujaisoma namba kwa sauti, mimi na anayechukua, wote wawili.

Kwa niaba ya karakana, stoo, madereva na kila aliyewahi kufika salama bila kujua kwa nini, tunamshukuru fundi wetu. Tunamtakia afya njema, usingizi wa mchana, na gari la nyumbani lisilochemka kamwe, ingawa twajua atachoka kukaa bila la kuchunguza.

Nawaomba jambo moja tu. Programu hizi za sherehe ya kumuaga, zenye wasifu huu ndani, nimezibana kwa pini mimi, na nakala ya Fundi haina ungamo wala Shangazi, ina sifa na heri peke yake. Nilimwahidi kunyamaza, na ahadi hiyo nimeivunja kwenu, sijaivunja kwake. Mjumbe yule aambiwe, kamati iambiwe, kadi irekebishwe. Yeye asijue, walau mpaka sherehe iishe na awe amevuka geti. Akiwauliza yule binti wa stoo ameandika nini kirefu hivyo, msimjibu. Mpeni kikombe, mwambieni chai kwanza.